Toleo la Mei 1950

Mwezi Mei 1950 jarida la Marekani liitwalo Astounding Science Fiction, ambalo wasomaji walilinunua kwa ajili ya hadithi za kubuni za kisayansi, lilichapisha makala ndefu isiyokuwa hadithi, na mhariri wake, John W. Campbell, aliona ni lazima kwanza awahakikishie wasomaji kwamba makala hiyo haikuwa mzaha wala hila, bali maelezo ya moja kwa moja ya nadharia mpya kabisa ya kisayansi. Nimeyarudia maneno hayo ya utangulizi mara nyingi, kwa sababu mhariri haapi mbele ya wasomaji wake pasipo jambo. Miaka miwili kabla yake, katika toleo la Machi 1948, jarida lilelile lilikuwa limechapisha makala ya Isaac Asimov kuhusu kemikali inayoyeyuka kabla haijatiwa maji. Yalikuwa maandishi ya utani yaliyovikwa lugha ya maabara na majedwali ya vipimo, na wako wasomaji waliokwenda kuitafuta kemikali hiyo. Campbell alijua kwamba wengi wangedhani mchezo umerudi, kwa hiyo akaweka heshima yake yote rehani kwa ajili ya makala moja.

Mwandishi wa makala hiyo alikuwa L. Ron Hubbard, aliyekuwa akimwandikia Campbell hadithi tangu 1938, na jambo alilolitangaza ni tiba ya nafsi aliyoiita Dianetiki. Kitabu chake kizima kilitoka mwezi huohuo na kuuzwa kwa kasi ambayo mchapishaji wake hakuitarajia. Habari za Hubbard na za kanisa la Sayantolojia aliloliasisi baadaye zimeandikwa sana, nami sina la kuongeza huko. Ninachotaka kukizungumzia ni jarida lenyewe, pamoja na majarida jirani yake na waandishi wake, kwa sababu hapo ndipo tiba hii ilipopokelewa kwanza, na hapo pia ndipo ilipopingwa kwanza na watu waliomfahamu vizuri aliyeileta.

Ili kuelewa kwa nini ilisadikiwa, ni lazima kwanza kuelewa heshima aliyokuwa nayo Campbell. Alianza kulihariri jarida hilo mwishoni mwa 1937, na katika miaka kumi na michache aliwalea Asimov, Robert Heinlein, A. E. van Vogt, Theodore Sturgeon na wengine wengi ambao hadi leo ndio nguzo za fasihi hii. Kanuni yake ilikuwa moja: mwandishi akileta mashine, aeleze inavyofanya kazi. Mwezi Machi 1944, vita ikiwa bado inaendelea, alichapisha hadithi ya Cleve Cartmill yenye bomu la atomu lililoelezwa kwa ukaribu uliowashtua maofisa wa usalama, wakaja ofisini kumhoji. Mwaka uliofuata Hiroshima ikaangamizwa, na wasomaji wa Astounding, ambao wengi wao walikuwa wahandisi, mafundi na wanafunzi wa sayansi, wakabaki na hisia kwamba jarida lao linajua mambo kabla ya magazeti makubwa. Mtu aliyewahi kusema kweli kuhusu atomu, kwa nini asisadikiwe akizungumzia akili?

Tena Dianetiki iliandikwa kwa lugha ya watu haohao. Hubbard alidai kwamba akili ya binadamu ni mashine ya kukokotoa isiyokosea, na kwamba makosa yake yote yanatokana na kumbukumbu za maumivu zilizorekodiwa wakati mtu amepoteza fahamu. Kumbukumbu hizo aliziita engramu. Akatoa mfano wa mashine ya hesabu ambayo tarakimu moja imekwama, hivyo kila jibu linatoka na kosa lilelile; ondoa kilichokwama, na mashine itarudi kuwa kamili. Mgonjwa analala kitandani, mwenzake anakaa kando na kumrudisha nyuma kwa maswali, tukio baada ya tukio, hadi siku alizokuwa tumboni mwa mama yake, na kila engramu inayosimuliwa tena na tena inapoteza nguvu. Mwisho wa safari ni mtu aliyesafika, mwenye kumbukumbu kamilifu na asiyesumbuliwa tena na maradhi yatokanayo na nafsi. Watu wawili wangeweza kuifanya nyumbani wakiwa na kitabu tu, bila daktari na bila gharama ya kukaa miaka kwa mchanganuzi wa nafsi. Ninapoufikiria wakati ule, miaka mitano tu baada ya vita, na wanaume wengi waliorudi na majeraha yasiyoonekana, siwezi kuwalaumu waliolishika tumaini hilo kwa mikono miwili.

Lawama yangu naielekeza kwa mhariri, na naielekeza nikijua uzito wake. Campbell alisumbuliwa na maradhi ya sainasi kwa muda mrefu. Mwaka 1949 Hubbard alimfanyia vikao vya tiba yake, naye akasema amepata nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa ushahidi wake mkubwa. Akamwandikia daktari mmoja wa Michigan, Joseph Winter, aliyewahi kumwandikia makala za tiba, naye Winter akaja, akaona, akavutiwa. Winter alijaribu kupeleka maelezo ya tiba hiyo kwenye jarida la chama cha madaktari wa Marekani na lile la madaktari wa magonjwa ya akili, na yote mawili yakakataa kwa sababu hapakuwa na ushahidi wa kitabibu wa kutosha. Kilichokataliwa na majarida ya tiba kwa kukosa ushahidi kikaja kuchapishwa katika jarida la hadithi, mhariri wake akiwa tayari mgonjwa aliyetibiwa, rafiki wa mtabibu, na muda mfupi baadaye mweka hazina wa taasisi ya Dianetiki iliyofunguliwa mjini Elizabeth, New Jersey.

Nilihariri jarida dogo la jumuiya yetu kwa miaka minne. Rafiki yangu mmoja aliniletea makala kuhusu mchanganyiko wa mitishamba ambao yeye aliuamini, nami nilikuwa nimeutumia kwa vidonda vya tumbo na kupata nafuu. Niliichapisha katika ukurasa wa afya bila kumwonyesha daktari yeyote, kwa kuwa nilijiona mimi mwenyewe ndiye uthibitisho. Mama mmoja aliisoma, akaacha vidonge vyake vya shinikizo la damu ili mitishamba ifanye kazi peke yake, na baada ya wiki chache akalazwa. Alipona, nashukuru, na niliandika masahihisho katika toleo lililofuata, lakini sikuwahi tena kuyachukulia maumivu yangu na nafuu yangu kuwa kipimo cha kitu ninachowapa wengine wakisome. Ndiyo maana ninapomsoma Campbell nasikia sauti ninayoifahamu: si ya tapeli, bali ya mtu aliyepata nafuu na kuacha kuuliza.

Waandishi wake waliuliza kwa niaba yake. Asimov aliisoma makala hiyo akaona ni porojo, na rafiki yake L. Sprague de Camp naye hakuvutiwa. Asimov alisimulia baadaye jinsi Campbell alivyolalamika kwamba yeye ana shaka iliyojengewa ndani, naye akajibu kuwa anashukuru kuwa nayo. Jack Williamson aliiona kama saikolojia ya Freud, mwasisi wa uchanganuzi wa nafsi, iliyorekebishwa na kichaa. Si wote waliosimama upande huo. Van Vogt alikubali kuongoza tawi la Los Angeles, na kwa miaka mingi iliyofuata hakuandika karibu hadithi yoyote mpya. Kwa msomaji aliyezipenda kazi zake za miaka ya 1940, hiyo ni hasara isiyolipika.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Alfred Bester. Mwaka huo wa 1950 alikuwa amempelekea Campbell hadithi iliyosimama juu ya mawazo ya Freud, nao msamiati wake ukitoka hukohuko. Campbell akamwita, naye Bester, aliyemheshimu mno mhariri huyu, akasafiri kutoka New York akitarajia kuona ofisi inayolingana na sifa zake. Akakuta chumba kidogo ndani ya jengo la kiwanda cha uchapaji. Campbell akamwambia kwamba Freud amekwisha, akamkalisha kusoma kurasa za Dianetiki zilizokuwa bado hazijatoka, kisha akamchukua hadi mgahawa wa wafanyakazi. Pale, kati ya meza na sahani, akamwamuru arudi nyuma kwa fikra hadi tumboni mwa mama yake na akumbuke jinsi mama huyo alivyojaribu kuitoa mimba. Bester alitetemeka kwa kuzuia kicheko, na alipotafuta njia ya kutoka alidai kwamba majeraha ya moyo yamemzidi, hawezi kuendelea. Campbell akamjibu kwamba ameona jinsi anavyotetemeka. Hadithi ilichapishwa katika toleo la Agosti 1950, maneno ya Freud yakiwa yamepunguzwa na jina lake limebadilishwa. Watu husimulia kisa hiki ili wacheke, lakini mimi huona humo mhariri bora wa kizazi chake akitazama dalili iliyo mbele yake na kuisoma kinyume kabisa, kwa kuwa nadharia yake tayari ilikuwa na jibu.

Majarida mengine yalichukua njia mbalimbali. Planet Stories ilimpa nafasi James Blish, ambaye mwishoni mwa 1950 aliiandikia Dianetiki kwa matumaini makubwa, ingawa baadaye aliachana nayo. Fantastic Adventures ya Oktoba 1950 ilichapisha hadithi ya Hubbard mwenyewe ambamo tiba hiyo ilipigiwa debe waziwazi. Jarida ninaloliheshimu zaidi katika jambo hili ni Marvel Science Stories, ambalo halikuwa na sifa kubwa kifasihi. Katika toleo la Mei 1951 lilitenga kurasa kwa ajili ya mjadala: Hubbard akaitetea, Lester del Rey akaipinga, na Theodore Sturgeon, aliyeitazama kwa jicho la huruma zaidi, naye akapewa nafasi yake. Jambo hilo halikuhitaji fedha wala maabara. Lilihitaji mhariri anayekubali kwamba msomaji ana haki ya kumsikia anayepinga katika toleo lilelile analomsikia anayeunga mkono.

Nje ya majarida hayo hukumu ilikuwa kali. Mwezi Septemba 1950 chama cha wanasaikolojia wa Marekani kiliwataka wanachama wake wasiitumie mbinu hiyo isipokuwa kwa uchunguzi wa kisayansi, kwa kuwa madai yake hayakuwa na ushahidi. Januari 1951 mwanafizikia I. I. Rabi, mshindi wa Tuzo ya Nobel, alikipinga kitabu hicho katika Scientific American. Kabla ya hapo, Agosti 1950, Hubbard alikuwa amemleta mbele ya maelfu ya watu mjini Los Angeles msichana aliyetambulishwa kuwa amesafika na kwamba anakumbuka kila kitu. Alikuwa mwanafunzi wa fizikia. Watu walimuuliza kanuni ya msingi katika somo lake, hakuikumbuka. Wakamuuliza rangi ya tai ya Hubbard aliyekuwa amempa mgongo, hakuijua. Nasikitika kila ninapofika hapo, kwa sababu aliyeaibika jukwaani ni yule binti, ilhali si yeye aliyeandika ahadi ile.

Winter alijiuzulu Oktoba 1950. Alikuwa amesubiri kumwona mtu mmoja aliyesafika kwa vigezo vya kitabu, asimwone, na alitiwa hofu na jinsi watu walivyokuwa wakipewa mafunzo ya muda mfupi na kisha kuachiwa nafsi za wenzao. Mwaka 1951 alitoa kitabu chake kuhusu yale aliyoyaona, na hata humo hakutupa kila kitu; alitenganisha alichokiona kina manufaa na alichokiona kina hatari, kazi ambayo ingepaswa kufanywa kabla ya Mei 1950 na si baada yake. Mapema 1951 mamlaka ya tiba ya New Jersey ilikuwa tayari imeishitaki taasisi ya Elizabeth kwa kufundisha tiba bila kibali. Campbell naye alijitoa mwaka huo, lakini tamaa ya kugundua sayansi mpya ya akili haikumtoka. Katika miaka ya 1950 kurasa zake zilijaa hadithi za nguvu zisizoonekana za fikra, na mwaka 1956 akawaandikia wasomaji kwa dhati kuhusu kifaa cha Hieronymus, kilichodaiwa kunasa nguvu isiyotambuliwa na sayansi, akishikilia kwamba hata mchoro wake kwenye karatasi hufanya kazi sawa na mashine yenyewe.

Wakati huo waandishi walikuwa na pa kwenda. Oktoba 1950, miezi mitano tu baada ya makala ya Hubbard, lilizinduliwa jarida la Galaxy chini ya H. L. Gold, ambaye hakuogopa saikolojia katika hadithi. Bester alimpelekea riwaya ya upelelezi katika jamii ya watu wasomao mawazo ya wenzao, iliyojaa Freud kuanzia ndoto ya kwanza hadi ungamo la mwisho, nayo ikachapishwa kwa mfululizo kati ya Januari na Machi 1952. Mwaka 1953, Tuzo ya Hugo, ambayo ni tuzo ya fasihi hii ya kisayansi, ilipotolewa kwa mara ya kwanza, riwaya iliyoipata ilikuwa hiyo.