Mama mkubwa na maandishi ya chini

Jumapili, saa sita kasoro usiku.

Tamasha la filamu limekwisha, miguu yangu yote imeliwa na mbu. Sikuwa nimepanga kwenda na mama mkubwa. Amekuja kutoka Kahama wiki iliyopita kwa ajili ya kliniki ya macho, na nikaona haya kumfungia ndani na runinga ambayo haioni vizuri. Nikamwambia kuna filamu za bure uwanjani, viti vipo, na maandishi ya chini nitamsomea. Akauliza, "Kwani wanasema Kizungu?" Nikamjibu Kiswahili kipo, ila kuna nyingine za Senegal na Burkina Faso. Akachukua khanga ya pili ya kujitanda, tukaondoka.

Kwa hiyo siku nne hizi nimefanya kazi ya Lufufu, yule mtafsiri wa muvi. Waliokulia kwenye vibanda umiza vya kuonyeshea video wananielewa: sauti ile ya Kiswahili juu ya muvi ya watu, anatafsiri anachokijua na kutunga kingine, mpaka siku ukiiona muvi yenyewe bila yeye unaiona imepooza.

Siku ya kwanza ilikuwa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021. Hapo sikuwa na kazi, Kiswahili kilijisemea. Riwaya ya Adam Shafi niliisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, basi nilikaa pale kama msahihishaji, kila dakika najiuliza mbona fulani hayupo. Filamu imepunguza watu, imebakiza mapenzi ya Yasmini na Denge na joto la siasa za Unguja ya miaka ya 1950. Ni nzuri. Pengine nzuri mno: kila ukuta, kila khanga, kila mwanga wa dirishani umepangwa kama picha ya kalenda, na mimi Ng'ambo ya kitabuni, ule upande wa mji wa Unguja, niliipenda kwa fujo zake. Mama mkubwa yeye alishughulika na ndoa ya Yasmini na yule mzee. "Walitoa ng'ombe wangapi?" Nikamwambia hawa ni Wahindi wa Zanzibar, mama, hawana mambo ya ng'ombe. "Ndiyo maana akakimbia."

Kesho yake wakaonyesha Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya 1973. Inaanza na ng'ombe wanaoswagwa kwenda machinjioni, na wanachinjwa kweli, damu imejaa sakafuni. Mwanamke aliyechunga tangu utotoni akatazama mpaka mwisho wa kipande kile, akasema, "Hawa hawajui kuchinja," akalala. Nikabaki peke yangu na Mory na Anta wanaoitamani Paris, pikipiki yao imefungwa fuvu la ng'ombe na pembe zake, na sauti ya mwimbaji Josephine Baker inayorudi na kurudi kama simu ya anayekudai. Filamu ile haisimulii, inaweweseka kama mtu mwenye malaria. Nusu saa ya kwanza nilikasirika. Tangu juzi sioni pikipiki barabarani bila kutafuta pembe.

Siku ya tatu nitaipitia haraka. Filamu fupi za wanafunzi, sauti mbovu, simu zinaita kila mara mwandishi anapokosa la kufanya. Halafu Supa Modo ya Likarion Wainaina kutoka Kenya: mtoto mgonjwa asiye na siku nyingi, na kijiji kizima kinachotengeneza filamu ili awe shujaa. Nilijiapiza sitalia kwa kitu kinachoniomba nilie waziwazi hivyo. Umeme ukakatika katikati, tukakaa gizani muda mrefu tukisubiri jenereta, na nilishukuru giza lile.

Leo ndiyo ilikuwa Yaaba ya Idrissa Ouédraogo, ya 1989. Bibi mmoja, Sana, anaishi nje ya kijiji kwa sababu watu wanasema ni mchawi. Mtoto wa kiume, Bila, anamzoea na kumwita yaaba, yaani bibi, kwa Kimoore, lugha ya Burkina Faso. Anaiba hata kuku wa kumchomea. Nilianza kusoma kwa kunong'ona. Watoto walipomrushia Sana mawe, mama mkubwa akanishika mkono. "Acha, mwanangu. Naelewa."

Nikanyamaza. Kibanda cha Sana kikachomwa moto. Nikamtazama kwa pembeni: macho mekundu, yanachuruzika dawa aliyotiwa asubuhi na pengine si dawa tu. Ameyapata kwa miaka sitini ya kupikia moshi wa kinyesi cha ng'ombe. Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho ya namna hiyo, wakidhaniwa wachawi. Nililijua hilo kwa kusoma magazeti. Sikuwahi kufikiria kwamba mama mkubwa analijua kila anapofungua mlango usiku.

Kuhusu filamu yenyewe nina machache: kamera inasimama mbali, inawaacha watu watembee mpaka wafike. Nyika ile tambarare ingeweza kuwa njia ya kwenda kwao.

Kwenye bajaji hakusema neno mpaka tulipokaribia nyumbani. "Yule mtoto aliyemzika. Mama yake alimpiga?"

"Sijui, mama. Filamu iliishia pale."

"Asimpige."

Sasa hivi yuko chumbani anaongea na binamu yangu wa Kahama kwa simu, kwa Kisukuma, sauti juu. Kisukuma changu ni cha salamu, lakini nasikia jina la Sana, nasikia kuku, nasikia Bila. Nimemsikiliza dakika kumi nzima nikisubiri afike kwenye moto. Ameupita. Kwa jinsi ninavyoelewa, kibanda kipo, bibi amekaa mlangoni, na wanakula kuku.