Baruti ya .38 Special: tazama kwanza nafasi ndani ya ganda

Marekani, ambako watu wengi hujipakilia risasi za bastola nyumbani kihalali, rafu za duka hujaa makopo ya baruti na mnunuzi mgeni huanza na bei. Bei ije baadaye. Kwa .38 Special, risasi ya bastola za silinda, kinachotangulia ni ukubwa wa ganda.

Ganda hili lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi ya baruti nyeusi inayokula nafasi kubwa. Baruti za leo zisizo na moshi zina nguvu nyingi katika ujazo mdogo. Kipimo sahihi cha baruti kama Bullseye au Titegroup hulala chini kabisa, na sehemu kubwa ya ganda hubaki tupu. Ukimimina mara mbili kwa kusahau, haimwagiki, na kichwa cha risasi kinaingia juu yake kama kawaida. Kikomo cha shinikizo kwa .38 Special, kilichowekwa na SAAMI (chombo cha viwango vya risasi cha Marekani), ni psi 17,000 tu, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Kipimo maradufu kinaweza kuipasua silinda mkononi mwa mpigaji.

Ndiyo maana baruti ya Unique inamfaa zaidi anayeanza: ni nyepesi, inajaza zaidi, na kosa huonekana upesi. Ubaya wake ni kwamba vipande vyake ni vikubwa, hivyo kipimio, kifaa cha kumiminia baruti, hakiitoi kwa usawa. Rudi kwenye mizani mara kwa mara. Mizani yenyewe isome hadi graini 0.1. Graini moja ni gramu 0.0648, kwa hiyo ya jikoni haifai kabisa. Kabla ya kufunga, panga maganda yote kwenye ubao, mulika tochi, chungulia moja moja.

Kipimo chukua kwa mtengenezaji wa baruti au wa kichwa cha risasi, kamwe usikitoe kwa rafiki. Mstari unaousoma ulingane na ulicho nacho: uzito wa kichwa, aina yake (kichwa cha madini ya risasi pekee na kilichovikwa shaba havina kipimo kimoja hata vikilingana uzito), fataki (kiwashio kilicho kitakoni mwa ganda), na urefu wa risasi nzima. Urefu una umuhimu wa pekee kwenye risasi ya 9mm: ganda ni dogo, na kichwa kikizama zaidi kidogo tu, shinikizo hupanda kwa kasi.

Anza na kipimo cha chini. Kitabu cha vipimo kikitoa cha juu peke yake, punguza asilimia 10. Baruti ya H110 kwenye risasi ya .357 Magnum haiingii katika kanuni hiyo: Hodgdon, wanaoiuza, wanakataza kuipunguza zaidi ya asilimia 3, maana ikipungua sana huwaka vibaya na kichwa huweza kukwama mtutuni. Mlio ukisikika hafifu, acha kufyatua, toa risasi zote, kagua mtutu.

Wala usingoje fataki ibapike ndipo ujue umezidisha. Kwenye .38 Special, dalili hiyo ikionekana, kikomo kimeshapitwa zamani.