Hakuna atakayekubandikia namba

Shuleni kwetu matokeo ya kila muhula yalibandikwa ukutani nje ya ofisi ya taaluma, na kila jina lilikuwa na namba yake. Ukifika pale unaanza kujitafuta kutoka juu au kutoka chini, kadiri unavyojijua. Mimi nilianzia juu. Kuongoza sikuwahi, maana kulikuwa na msichana mmoja aliyeshindikana, ila tano bora sikukosa. Namba ile ndiyo iliyoniamsha alfajiri kusoma kabla ya mchakamchaka. Na namba ikishindwa kukuamsha, fimbo ilikuwepo. Kanuni za serikali ya Tanzania za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, tena kwa idhini ya mkuu wa shule. Sisi hata hatukujua kama kuna kanuni. Tulichokijua ni mwalimu wa hesabu na fimbo yake ya mpera.

Chuoni mambo yalikuwa yale yale kwa majina mengine: sapu, yaani mtihani wa marudio; kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli; na bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu. Ukimkuta mtu anapiga msuli hadi saa nane usiku, usidhani amenogewa na somo. Ana mtihani Jumatatu.

Kisha nikapata kazi, mhasibu msaidizi katika duka la jumla la vipuri vya magari kule Gerezani, Kariakoo. Miezi ya mwanzo nilichapa kazi kama mtu anayesubiri matokeo yabandikwe. Hayakubandikwa. Mshahara uliingia siku moja kwangu na kwa jamaa wa meza ya pili aliyekuwa anashinda YouTube akiangalia mpira. Bosi alikuwa na swali moja tu: ritani ya VAT imekwenda? Ikiwa taarifa hiyo ya kodi imekwenda kabla ya tarehe 20, basi, kila mtu anakunywa chai yake kwa amani. Kidogo kidogo nguvu zikanitoka. Nikawa mtu wa tarehe 19 usiku.

Nilidhani nimekuwa mvivu ukubwani. Siku hizi naona kitu kingine: sikuwahi kujifunza kujisukuma, kwa sababu sikuwahi kuachwa bila msukumaji. Mwaka 1971 mwanasaikolojia wa Kimarekani, Edward Deci, alichapisha jaribio alilofanya na wanafunzi wa chuo. Aliwapa vipande vya chemshabongo wavipange kufuata maumbo aliyowachorea, mchezo ambao watu huupenda wenyewe. Kundi moja akalilipa dola moja kwa kila umbo waliloliweza, kisha kikao kilichofuata akaacha kulipa. Mapumzikoni, walipoachwa wafanye wanachotaka, wale waliokuwa wamezoea kulipwa waliugusa mchezo kwa muda mfupi kuliko mwanzo. Niliposoma habari hiyo niliuona ukuta wa ofisi ya taaluma.

Ndiyo maana mwaka 2023 Baraza la Mitihani lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule bora na wanafunzi bora, nilikuwa upande wao. Ofisini walinishambulia. Watoto watajituma vipi bila ushindani? Bila shaka ushindani unasukuma, nami ni shahidi. Swali langu ni nani anaendelea kumsukuma huyo mtoto akishatoka pale getini.

Aliyenizindua mimi ni mzee wa stoo. Ni mtu wa darasa la saba, hajawahi kukanyaga chuo, na hesabu anazipenda hadi anakera. Jioni moja nilikuwa nimekwama: makusanyo kwenye daftari yalipishana na vitabu vya risiti kwa shilingi 27,000. Nikasema nitaliona kesho. Mzee akachungulia begani kwangu.

"Binti yangu, gawa kwa tisa."

"Kwa nini tisa, mzee?"

"Gawa kwanza."

Nikapata 3,000, hakuna kinachobaki. Akacheka. "Basi hakuna aliyeiba. Kuna mtu kageuza tarakimu."

Akanionyesha kwenye boksi la bearing, kwa kalamu. Namba yoyote ukiigeuza tarakimu mbili zinazofuatana, tofauti lazima igawanyike kwa tisa. 81 na 18, tofauti 63. 52 na 25, tofauti 27. Na jibu ukishagawa linakwambia zaidi: ukipata tatu, ujue tarakimu zilizogeuzwa zimepishana kwa tatu, kwa hiyo usipoteze muda na kila mstari, tafuta penye 1 na 4, 2 na 5, 3 na 6. Haikuchukua muda nikampata: mteja wa Morogoro aliyelipa 63,000 na kuandikwa 36,000. Mwandiko ulikuwa wa jamaa wa mpira.

Kuna digrii kabatini kwangu na sikuwahi kujua hilo, au pengine nilifundishwa nikalikariri kwa ajili ya mtihani likapita. Usiku ule nilifika nyumbani Kimara bado nageuza namba kichwani: za tiketi, za magari barabarani, ya simu ya mama. Hakuna aliyenituma.

Tangu hapo nina kidaftari. Humo siandiki malengo, malengo yangu ya kila Januari nayajua yanapoishia. Naandika jambo ambalo sasa naliweza na zamani sikuliweza, pamoja na tarehe. Kutambua risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, iliyorudiwa. Kumweleza fundi asiyejua kusoma kwa nini bei ina asilimia 18 ya VAT juu yake, naye akaondoka bila kugomba. Siku nyingine siandiki chochote, na siku hizo ni nyingi. Nikichoka narudi nyuma kurasa chache, naiona njia niliyotoka.

Deci na mwenzake Richard Ryan walikuja kusema kwamba mtu hujisukuma vizuri akiwa na mambo matatu: ajione anachagua, ajione anaweza, na awe na watu anaohusiana nao. Kwa mwajiriwa wa Kariakoo hilo la kuchagua ni gumu, TRA, mamlaka ya kodi, haingoji hiari yangu. Ila nilimwomba bosi niwe nalinganisha hesabu za benki kila Jumamosi asubuhi badala ya kulimbikiza hadi mwisho wa mwezi, duka likiwa kimya na mzee yupo. Akasema fanya unavyotaka, mradi zitimie. Kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba sasa saa nimeipanga mimi, na sikujua jambo dogo hivyo lingebadilisha namna ninavyoamka Jumamosi.

Masomo ya CPA, cheti cha uhasibu wa kitaalamu, ni kesi nyingine. Mitihani ya Bodi ya wahasibu ni Mei na Novemba, na katikati hapo hakuna anayekuuliza umefika wapi. Nilijiunga na makundi mawili ya WhatsApp ya kutiana moyo. Asubuhi nukuu, mchana nukuu, usiku video ya bwana mwenye suti anapiga kelele. Nilijitoa. Hamu ya kusoma kwangu haiji kabla ya kusoma, inakuja swali likishaanza kuwaka, na video haiwashi swali. Nilichobaki nacho ni kanuni moja: nikishavua viatu, kabla sijagusa rimoti, nafungua swali moja la mtihani uliopita na kuandika mstari wa kwanza wa jibu. Mstari mmoja tu. Mara nyingi nafika mwisho wa swali. Nikiishia mstarini nakwenda kulala na sijilaumu, basi la mwendokasi la jioni ukilipanda umesimama kutoka Gerezani linatosha kuwa adhabu.

Mdogo wangu wa mwisho yuko kidato cha nne mwaka huu. Mama alishamwahidi simu akipata daraja la kwanza. Nilimsihi, "Mama, ahadi hiyo itamfanya aisomee simu," akanijibu kwamba mimi alinisomesha kwa ahadi ya gauni na leo namletea saikolojia. Tukakubaliana nusu: simu imebaki palepale, lakini kila Jumapili nikienda Mbagala dogo ananifundisha mada moja ya biolojia aliyoichagua mwenyewe, nami namuuliza maswali ya kijinga kwa makusudi. Juzi ilikuwa figo. Alichora, akafuta, akaona mwenyewe kuna kipande hakielewi, akaenda kuchukua kitabu bila kuambiwa. Mama alikuwa anapepeta mchele, akasema, "Anaiona simu hiyo." Matokeo ni Januari, tutabishana upya.