Ngome, Mji wa Kale na Magofu ya Mtwapa

Mgeni akiniuliza aanzie wapi kuitazama Mombasa, humpeleka kwanza ngome ya Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, na ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Wengi huishia kupiga picha kwenye mizinga. Mimi huwahimiza waingie makumbusho wakaangalie vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira.

Jirani tu ni Mji wa Kale, ambako milango ya mbao, yenye nakshi za maua na minyororo kwenye miimo, yafaa kutazamwa asubuhi kabla vichochoro havijajaa pikipiki. Haller Park ya Bamburi, iliyooteshwa miti kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, huwafurahisha zaidi watoto.

Mwenye nafasi apande matatu ya Mtwapa, kisha akodi bodaboda hadi Jumba la Mtwana, magofu ya mji wa Waswahili wa karne ya 14, wenye msikiti uliojengwa ufuoni kabisa.