Kumbe tatizo halikuwa godoro

Miaka mitatu nimekuwa nikining'iniza begi kwenye bega moja, mtindo wa sekondari, kutoka Kondele hadi mjini. Ndani kuna laptopu, chupa ya maji, chakula cha mchana na mwavuli, maana mvua ya Kisumu jioni haibishi hodi. Bega la kulia likaanza kuwaka moto usiku. Nikalaumu mto. Nikalaumu godoro, nikanunua jingine. Wapi!

Jumapili nikapita soko la Kibuye. Mama muuza mabegi ya mitumba alinitazama nikichagua rangi, akasema, "Mwanangu, begi halinunuliwi tupu." Akalijaza jinzi za jirani yake, akanivalisha mikanda yote miwili, kisha akaivuta mpaka begi likapanda likashikamana na mgongo. Nilikuwa nimezoea lile la kunipigapiga makalio. Mikanda ni mipana, ina sponji nzito. Halafu kuna kile kikanda cha kifuani. Kwenye begi la zamani nilikikata kwa makasi nikidhani ni urembo! Kumbe kinazuia mikanda isiteleze mabegani.

Alianzia 900, tukaachana kwa 600.

Laptopu sasa inakaa upande wa mgongoni, vitu vyepesi nje. Zamani nilipanga kinyume, mzigo ukawa unanivuta nyuma kama mtoto mkaidi. Kwenye matatu nalipakata.

Bega limetulia. Lakini mgongo unalowa jasho, jamani, joto la huku mnalijua. Nimeanza kubeba fulana ya pili, na hiyo nayo ni mzigo.