Siku Moja Maishani Mwangu: Bata Mzinga Wakinyamaza

Mwisho wa Aprili, vilima vya Ozark, Missouri. Kazi yangu ni kuongoza wawindaji wa bata mzinga. Dume wa miaka miwili ndiye mpiga kelele mkubwa, kwa hiyo mvua ya baridi ikiua vifaranga, miaka miwili baadaye msitu unanyamaza.

Saa 11 alfajiri. Tunapanda kilima gizani. Naigiza mlio wa bundi mara moja, maana dume aliye mtini akishtuka hujibu. Asipojibu, sirudii. Ndege waliosakwa wiki nzima wameshaijua sauti hiyo.

Saa 12. Tunaegemea mwaloni mpana kuliko mabega. Nguo nyekundu, nyeupe na buluu ni marufuku: ndizo rangi za kichwa cha dume, na mwindaji mwenzako anaweza kukupiga risasi. Sanamu ya jike ni moja tu, hatua 20 mbele. Ndege wakishashuka mitini, naita kwa kibao cha sleti, jiwe jembamba linalosuguliwa kwa kijiti ili litoe mlio wa jike: milio mitatu laini, kisha kimya dakika 20. Sleti husuguliwa kwa msasa kwanza; kijiti kinashikwa kama kalamu, kinazunguka duara dogo bila kuinuka. Mafuta ya vidole au umande vikiingia, kijiti kinateleza na mlio unakuwa kelele tupu.

Saa 2 asubuhi. Sasa tunasoma ardhi. Kinyesi cha dume kina umbo la herufi J, cha jike kimejiviringa. Bata mzinga akichakura, majani hurukia nyuma, kwa hiyo kundi limeelekea upande wa pili. Udongo ulio chini ukiwa bado mbichi, wamepita muda si mrefu.

Saa 4 hadi 6. Hizi ndizo saa ninazozithamini kuliko zote. Majike wameanza kwenda kutaga, dume amebaki peke yake. Tunakaa karibu na alama hizo saa nzima, bunduki ikiwa tayari juu ya goti. Nachakura majani kwa mkono: chaku-chaku, natulia, chaku. Wawindaji wengi huinuka baada ya nusu saa, na hapo ndipo wanapomwona dume akiruka, kumbe alikuwa anakuja kimyakimya. Sikiliza mngurumo wake mzito, kama lori lililo mbali, unaosikika kifuani zaidi ya masikioni. Ukiusikia, yuko karibu sana. Hata kope isicheze.

Akijitutumua, shingo imejikunja na marisawa yataharibu kifua. Namtolea mlio mmoja mkali, ananyoosha kichwa. Shabaha ni pale shingo inapoungana na kichwa, kwa marisawa namba 5, isizidi mita 35.

Saa 7 mchana. Kwenye ardhi ya umma uwindaji umekwisha. Risasi zinatolewa bundukini kabla ya hatua ya kwanza. Aliyepata hutia alama kibali chake papo hapo, na hutoa taarifa kabla ya saa 4 usiku.

Jioni narudi kilimani bila bunduki, kusikiliza mabawa yakipiga matawi. Kila mti wanaolalia nauandika kwenye ramani ya kesho.