Nilivyoipima Ksp ya chokaa ya dukani bila kupika namba

Ksp ni zao la mikolezo ya ioni (chembe zenye chaji) za kitu kwenye mmumunyo wake ulioshiba. Jedwali la kitabu linasema Ksp ya hidroksidi ya kalsiamu, yaani chokaa, ni 5.5 × 10⁻⁶. Pima mwenyewe kwa bureti, ule mrija wenye koki wa kudondoshea asidi kwa kipimo, kwa mkono uliotulia na vyombo safi, utapata kama 3.5 × 10⁻⁵. Imezidi zaidi ya mara sita. Nilipouliza, nilipewa ushauri wa namna tatu: chemsha maji ili chokaa iyeyuke vizuri, tafuta chokaa ya maabara maana ya dukani ni chafu, au anza na jibu la kitabu, rudi nyuma kwa hesabu, uandike kipimo cha bureti kinachofanana nalo. Wa kwanza unaharibu jaribio, wa pili ni gharama ya bure, na wa tatu ni wizi. Namba yangu haikuwa na kosa. Kilichonisumbua ni kufika kwenye namba hiyo, kisha kuielewa.

Chokaa niliyotumia ni ile ya kupaka ukuta. Mfuko mzima wa nini? Omba kwa fundi au nunua kilo moja ya kupima, ni hela ya chai. Iwe ya unga uliokwisha zimuliwa. Ukiuziwa mabonge ambayo hayajapata maji, yatachemka yenyewe ukiyamwagia na kurusha matone ya moto, na macho hayana akiba. Walioko pwani wanaweza hata kuchukua chokaa ya tambuu, ile nyeupe laini kama siagi. Ni kitu kilekile. Kabla ya kulipa, weka unga kidogo kwenye matone ya asidi au siki. Ikitoa povu kama soda iliyotikiswa, imekaa sana hewani na sehemu kubwa imegeuka kabonati. Povu dogo lisikutishe: kabonati ya kalsiamu haimumunyiki kiasi cha kuonekana kwenye bureti, itakaa chini na tope.

Uchafu unaodhuru ni ule unaomumunyika, yaani magadi, chumvi na alkali nyingine. Nao dawa yake ni rahisi: maji ya kwanza unayamwaga. Tia vijiko viwili vya chokaa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, jaza maji, tikisa, acha itulie, mwaga maji ya juu, jaza tena. Pima maji ya pili na ya tatu. Yakilingana, chokaa yako imeoshwa. Ya pili yakizidi ya tatu, osha mara nyingine. Baada ya hapo hakuna wa kukuambia lolote kuhusu chokaa ya dukani.

Maji yawe yaliyokenekwa, au ya mvua yaliyokingwa moja kwa moja kwenye chombo safi. Maji ya betri ya kituo cha mafuta yanafaa, ila yajaribu kwa karatasi ya litimasi kwanza, maana kuna wanaoita “maji ya betri” asidi yenyewe. Maji ya kisima cha pwani yaache: chumvi yake inaongeza umumunyifu wa chokaa na utahangaika kutafuta kosa ambalo halipo mkononi mwako.

Chupa ijae mpaka shingoni. Ikibaki nafasi, minya chupa hewa itoke, ndipo ukaze kifuniko. Hapo ndipo faida ya chupa ya plastiki ilipo kuliko chupa ya kioo ya maabara. Tikisa kila unapopita, siku mbili, halafu iache usiku mzima itulie. Lazima tope jeupe libaki chini. Bila tope hakuna msawazo: Ksp inahusu mmumunyo ulioshiba, ambamo chokaa inayomumunyika na ioni zinazorudi kuwa yabisi zinakwenda kwa kasi moja. Andika joto la maji siku ya kupima. Langu lilikuwa nyuzi 29.

Sasa niseme habari ya kuchemsha, maana niliufuata ushauri ule mara moja. Sukari na chumvi nyingi humumunyika zaidi kwenye maji ya moto, basi mtu anadhani ni sheria ya dunia nzima. Chokaa inakwenda kinyume. Inapomumunyika inatoa joto, kwa hiyo ukiongeza joto unausukuma msawazo urudi kwenye tope. Kwenye nyuzi 20 lita moja inabeba karibu gramu 1.7, karibu na kuchemka inabeba kama gramu 0.7 tu. Nilichemsha, nikachuja yakiwa ya moto, nikaacha yapoe, nikapima. Bureti ilisoma chini ya nusu ya nilichotarajia. Yale maji yalishiba yakiwa ya moto. Yalipopoa yakawa na njaa, na tope la kuyashibisha nilikuwa nimeshalitupa.

Ila kosa hilo limenipa onyesho ambalo sasa siliachi. Chukua maji ya chokaa maangavu kabisa, yaliyochujwa baridi, robo ya mrija wa majaribio. Pasha taratibu kwenye moto mdogo. Yanaanza kufuka ukungu mweupe ndani, na hujaongeza kitu chochote. Hayo ni mashapo ya hidroksidi. Atakayebisha kwamba ni kabonati ya hewani, mwambie asubiri: ukungu wa joto unarudi kumumunyika polepole maji yakipoa, wa kabonati haurudi.

Asidi ndiyo kazi ya uangalifu. Wengi wanatumia asidi hidrokloriki ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) kwa mazoea, na kwa pipeti (mrija wa kuvutia ujazo kamili) ya sentimita za ujazo 25 za maji ya chokaa wanasoma kama 10 kwenye bureti. Kosa la 0.1 hapo ni asilimia moja, na kwa kuwa hesabu inapandisha namba kwenye kipeo cha tatu, asilimia moja inakuwa tatu. Mimi natumia 0.05 M, nisome karibu 20. Asidi nzito ya asilimia 36 ni takriban 11.6 M, hivyo sentimita za ujazo 4.3 ndani ya maji kufikia lita moja zinakupeleka karibu. Asidi iingie kwenye maji, si maji kwenye asidi.

“Karibu” haitoshi, pima asidi yako kwa kabonati ya sodiamu kavu: gramu 1.325 kwenye maji kufikia sentimita za ujazo 500 ni 0.025 M, na 25 za huo mmumunyo zitakula 25 za asidi ya 0.05 M kwa kiashiria cha methili orenji. Huna kabonati kavu? Bikaboneti ya kuokea mandazi inatosha. Ipashe kwenye bakuli la kauri, ukikoroga, mpaka gramu 10 zibaki gramu 6.3 na zisishuke tena hata ukiongeza muda. Mizani yenyewe inakwambia kwamba bikaboneti yote imegeuka. Huo ujanja nautumia kuliko kununua chupa ya kabonati ambayo sijui imefunguliwa mara ngapi.

Kosa langu la pili, na hili nalisimulia bila haya kwa sababu nimeliona kwa wengine wengi: sikuchuja. Niliona maji yametulia, yana ukungu kiasi lakini si sana, nikavuta kwa pipeti, nikatia fenolftalini, kiashiria kinachokuwa pinki kwenye alkali, nikaanza kudondosha asidi. Pinki ikapotea kwenye 21. Nikaandika. Nikageuka, nikarudi, pinki ipo. Nikaongeza matone, ikapotea, ikarudi kama mdai wa mwisho wa mwezi. Nikafika 26 bado inarudi. Nikabadilisha kiashiria nikatia methili orenji, na hapo ikawa balaa zaidi, kwa sababu methili orenji inahesabu hata vumbi la kabonati. Sababu ni chembe za chokaa zinazoelea: asidi inamaliza hidroksidi iliyo majini, chembe zinamumunyika kujaza pengo, rangi inarudi. Ni msawazo ule ule unaoufundisha, umekuja kukuchapa. Tangu siku hiyo pinki inayorudi ndani ya nusu dakika naichukua kama taarifa moja tu: kuna yabisi kwenye chupa ya koni, mwaga, chuja upya.

Kuchuja nako kuna mtego. Karatasi na faneli viwe vikavu. Ukivisuuza kwa maji umeongeza maji kwenye mmumunyo ulioshiba, na haujashiba tena. Sentimita za ujazo 15 za kwanza zimwage, karatasi imekunywa sehemu yake. Funika faneli kwa kisahani, maana tone linaloshuka polepole linakutana na kaboni dioksidi njia nzima. Nikiwa na haraka naacha faneli kabisa: bomba la sindano la sentimita za ujazo 20, pamba iliyobanwa mdomoni, nachovya katikati ya chupa, chini ya ule utando wa juu na juu ya tope, navuta polepole. Natoa pamba ndipo namimina. Vipimo viwili vya namna zote mbili vilitofautiana kwa 0.1 tu.

Pima mara moja baada ya kuchuja. Niliwahi kuacha bika wazi usiku mmoja na asubuhi nikakuta ganda jembamba juu linalovunjika kama ukoko. Hilo ganda ni hidroksidi yako.

Kupima kwenyewe: 25 za maji ya chokaa, matone mawili ya fenolftalini, asidi kwenye bureti, simama pinki inapotoweka. Nilipata 20.6, 20.7, 20.6. Chukua 20.6. Moli za asidi ni 0.00103, sawa na moli za OH⁻ kwenye 25, kwa hiyo mkolezo wa OH⁻ ni 0.0412 M. Kalsiamu ni nusu yake, 0.0206 M, kwa sababu kila Ca²⁺ inakuja na OH⁻ mbili, na ndiyo maana kwenye zao OH⁻ inapandishwa kipeo cha pili. Zao: 0.0206 × 0.0412² = 3.5 × 10⁻⁵. Kosa la kila siku hapa ni kuzidisha OH⁻ kwa mbili kisha kuipandisha kipeo cha pili. Ukiwa umeipima OH⁻ yenyewe, usiizidishe tena; ile mbili imo tayari.

Turudi kwenye jedwali. Chukua 5.5 × 10⁻⁶ ya kitabu, igawe kwa 4 (ukiita umumunyifu s, zao ni s × (2s)², yaani 4s³), toa kipeuo cha tatu: 0.0111 M, yaani gramu 0.82 kwa lita. Lakini jedwali la umumunyifu linakupa gramu 1.5 hivi kwa joto la nyuzi 30. Namba mbili za vitabu vilevile hazipatani, na bado anayeshutumiwa ni mwenye bureti!

Zote mbili ni sahihi ila zinahesabu vitu tofauti. Ksp ya jedwali inahesabu utendaji wa ioni, yaani nguvu yake halisi ndani ya umati. Kwenye mmumunyo wenye ioni nyingi kiasi hiki kila Ca²⁺ imezungukwa na OH⁻ zinazoivuta, na inafanya kazi kama chini ya nusu ya mkolezo wake; OH⁻ inafanya kama asilimia 80. Zidisha 0.43 kwa mraba wa 0.81, unapata kama 0.28, na 3.5 × 10⁻⁵ inashuka hadi 1.0 × 10⁻⁵. Sehemu iliyobaki ni ndoa: takriban robo ya kalsiamu haielei peke yake bali imeshikana na hidroksidi moja kuwa CaOH⁺. Ziondoe kwenye hesabu, unafika karibu na 6 × 10⁻⁶. Bureti haijui habari hizo, kwa sababu asidi ikiingia ndoa inavunjika na kila OH⁻ inahesabiwa. Kipima pH kinajua. Maji ya chokaa yaliyoshiba kwenye nyuzi 25 yana pH ya 12.45, wakati mkolezo wa 0.041 M ungedai 12.6.

Kwa chumvi zinazomumunyika kidogo sana, kama kloridi ya fedha, ioni ni chache na pengo hilo halionekani. Chokaa inamumunyika mno kwa fomula hii ya darasani, na ningependa vitabu viseme hivyo badala ya kuiweka kwenye orodha moja na AgCl.

Ioni ya pamoja, yaani ioni ya chokaa ambayo tayari imo majini kutoka chumvi nyingine, niliijaribu kwa chupa ya pili, maji yake yakiwa na kloridi ya kalsiamu 0.1 M: gramu 14.7 kwa lita ikiwa ni ile yenye maji mawili. Ile kavu inavuta unyevu ukiitazama, na kopo la zamani likishakuwa uji usilipime. Hesabu kwa Ksp yangu inatabiri bureti isome kama 9. Tarajia izidi kidogo, kwa sababu zile ioni za ziada zinapunguza utendaji.

Anayetaka kuona bila bureti, amimine sentimita za ujazo 2 za hidroksidi ya sodiamu (NaOH) ya 2 M kwenye sentimita za ujazo 10 za maji safi ya chokaa. Mashapo meupe papo hapo. Kwenye hesabu punguza mikolezo kwanza kwa sababu ujazo sasa ni 12: kalsiamu inakuwa 0.017 M, OH⁻ kama 0.37 M, zao 2.3 × 10⁻³, limepita kikomo zaidi ya mara sitini. Anayesahau kupunguza atapata jibu sahihi hapa kwa bahati, kisha atakosa kwenye mtihani pale zao linapokaribia Ksp.

Maji ya chokaa yasiwekwe kwenye bureti. Yanaacha kabonati kwenye koki, na koki ikishaganda utaivunja. Pipeti ikifanya weupe ndani, isuuze kwa asidi iliyobaki, kisha maji.